Usiangalie stori, angalia mkataba: komiki, muvi za masupahiro na shoo za roki

Machalii wanaosoma riwaya zangu hapa Chuga, yaani Arusha, wana swali moja hawachoki kuniuliza, na wengi wanauliza kwa kunichokonoa tu: mzee, wewe unaandika majasusi wanaodandia malori usiku na majini yanayoishi Mlima Meru, halafu muvi za Marvel unaziponda, ila komiki unazisifia, na shoo za roki za wazungu unaziangalia mpaka bando linakata, sasa uko upande gani?

Siko upande wowote. Tatizo ni kwamba watu wanabishana kuhusu hivi vitu vitatu kama ni mambo ya ladha tu, huyu anapenda hiki yule anapenda kile, wakati ukifunua kidogo unakuta ni mambo ya makaratasi. Kwa nini Spider-Man mara yuko na akina Iron Man mara hayupo, kwa nini Hulk miaka yote hii hapati muvi yake peke yake, kwa nini mtu akifa kwenye muvi lazima arudi, kwa nini bendi ya wazee wa miaka sabini na kitu inauzwa kama kiwanda, majibu yake yote yako kwenye mkataba, na mkataba unauliza kitu kimoja tu: hii sura ni ya nani? Sura namaanisha kile kinyago, ile rangi, lile vazi, lile jina. Mwenye sura ndo anaamua stori iende wapi na iishe lini. Mtunzi, mwigizaji, mpiga gitaa, hao mara nyingi ni vibarua.

Tuanze na komiki maana ndo shina.

Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa vijana wa Cleveland kule Marekani, mmoja anaandika mwingine anachora, na yule Superman wao walizunguka naye miaka kadhaa wanakataliwa kila mlango. Machi 1938 kampuni ambayo leo tunaiita DC ikakubali kumchukua, kurasa 13, dola 10 kwa kila ukurasa, jumla dola 130. Wakasaini. Sasa karatasi waliyosaini haikusema tunawauzia hii stori moja, ilisema mhusika na haki zake zote ni mali ya kampuni. Cheki waliyopewa ilikuwa ya dola 412 kwa sababu ndani yake kulikuwa na malipo ya kazi zingine walizokuwa wanadai, na hiyo cheki, kile kikaratasi cha benki chenyewe, kilipigwa mnada mwaka 2012 kikaenda kwa dola 160,000. Fikiria hapo, ushahidi wa malipo una thamani karibu mara mia nne ya malipo. Na nakala moja ya lile toleo la Action Comics ambalo Superman alitokea mara ya kwanza iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024.

Wenyewe walienda mahakamani wakashindwa, majina yao yakaondolewa kwenye kazi, na ilikuwa mpaka mwaka 1975, Shuster akiwa karibu haoni kabisa, ndipo Siegel akaanza kupiga kelele kwenye vyombo vya habari kwa sababu alisikia kuna muvi kubwa ya Superman inatengenezwa. Kampuni ikaona aibu, ikakubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao. Kwa mwaka. Kwa mtu aliyekuumbia Superman. Bill Finger yeye ndo kabisa, yule aliyemsaidia Bob Kane kumtengeneza Batman mwaka 1939, alifariki 1974 jina lake halijaandikwa popote panapoeleweka, lilikuja kuwekwa rasmi kwenye muvi na tamthilia mwaka 2015.

Marvel, ile kampuni nyingine ya komiki, nao walikuwa na mtindo wao. Wachoraji wengi walifanya kazi bila mkataba wa maana, mtu anapeleka kurasa anapewa cheki, ila nyuma ya cheki, pale unaposaini ili benki ikupe hela, palikuwa pamegongwa maneno madogo yanayosema kwamba kwa kusaini hapa unakubali kazi hii ni mali ya kampuni. Sasa una njaa, kodi ya nyumba imefika, cheki iko mkononi, utaacha kusaini? Jack Kirby, ambaye ukitoa mikono yake kwenye Marvel hubaki na Hulk wala Thor wala Black Panther, ilibidi agombane na kampuni miaka ya themanini ili tu arudishiwe michoro yake mwenyewe, na alipata kama kurasa elfu mbili kati ya zaidi ya elfu kumi alizochora. Familia yake ilikuja kumalizana na Marvel mwaka 2014, yeye mwenyewe alishafariki miaka ishirini nyuma.

Nimekaa sana hapa makusudi kwa sababu mambo ya muvi hayaeleweki bila haya.

Ila kabla sijatoka kwenye komiki niseme kwa nini nazipenda pamoja na dhuluma yote hiyo. Mimi nimekulia kwenye gazeti la katuni la Sani, akina Lodi Lofa, Madenge, Ndumilakuwili, gazeti moja linapita nyumba nzima halafu linaenda kwa jirani likirudi halina jalada, na kilichonikamata hakikuwa mavazi ya ajabu maana Lodi Lofa hana nguvu yoyote zaidi ya uongo na ubishoo wa kishamba. Kilichonikamata ni ile nafasi kati ya kiboksi na kiboksi. Hapa mtu ameinua ngumi, hapa mwenzake yuko chini, ngumi yenyewe hujaiona, umeipiga wewe msomaji. Riwaya haiwezi hivyo na muvi nayo haiwezi. Halafu kuna suala la gharama: kwenye komiki kulipua mji mzima na kuchora watu wawili wanakunywa chai ni wino uleule na karatasi ileile, kwahiyo mchoraji ana uhuru wa kuwa chizi, akikosea kampuni imepoteza toleo moja. Muvi iliyokula dola milioni 200 haina huo uhuru, na hapo sio suala la vipaji.

Sasa muvi.

Marvel ilifilisika Desemba 1996. Biashara ya komiki ilikuwa imeporomoka, watu walikuwa wananunua matoleo wakidhani yatapanda bei kama ya zamani, wakagundua kitu kilichochapwa mamilioni hakiwezi kuwa adimu, soko likafa. Kampuni ikiwa na madeni ikawa inauza haki za muvi kwa yeyote mwenye hela. Hata kabla ya hapo ilishauza, Fantastic Four walienda kwa Wajerumani tangu 1986, X-Men wakaenda studio ya Fox miaka ya tisini mwanzoni. Ben Fritz, mwandishi wa habari za biashara ya Hollywood, amesimulia kwamba mwaka 1998 Marvel iliwapa Sony ofa ya karibu wahusika wake wote waliobaki kwa dola milioni 25, Sony wakasema sisi tunamtaka Spider-Man tu, wale wengine hakuna anayewajua. Wakamchukua kwa kama milioni 10. Wale wengine wasiojulikana ndo akina Iron Man, Thor, Captain America. Yaani Avengers, ambao leo mtoto wa chekechea hapa Ngarenaro anawavaa kwenye begi la shule, ni mabaki. Ni mzigo ambao haukupata mteja, au ulipata mteja akashindwa ukarudi.

Na huu ndo ufunguo wenyewe: kurudi. Hizi haki haziuzwi jumla, zinauzwa kwa masharti. Ukitaka kuelewa haraka fikiria bodaboda ya mkataba: bosi anakupa pikipiki, unapeleka hesabu kila siku bila kukosa, ukilaza siku kadhaa anakuja kuichukua kijiweni mchana kweupe na hela zote ulizokwishapeleka zimekwenda. Studio nayo hivyo hivyo, inatakiwa itoe muvi ndani ya muda fulani, isipotoa mhusika anarudi kwa mwenyewe. Mkataba wa Sony ulivuja, na unasema baada ya muvi moja ya Spider-Man kutoka, inayofuata lazima ianze kutengenezwa ndani ya miaka 3 na miezi 9 na iwe imetoka ndani ya miaka 5 na miezi 9. Muvi ya tatu ya Spider-Man, ile aliyoigiza Tobey Maguire, ilitoka Mei 2007. Ya nne ikakwama, mwongozaji akaondoka. Julai 2012 ikatoka muvi mpya, kijana mwingine, anang'atwa na buibui upya, mjomba anakufa upya. Watu walilalamika mbona wanarudia stori, miaka kumi tu imepita tangu ile ya kwanza. Hesabu zilikuwa zinadaiwa!

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Fantastic Four. Yule Mjerumani, Bernd Eichinger, alikuwa na haki lakini hana bajeti, na mkataba ulikuwa unasema mwaka 1992 ukiisha hajaanza kushuti imekula kwake. Kwahiyo siku za mwisho mwisho akamtafuta Roger Corman, bingwa wa muvi za bei chee, wakashuti kwa dola kama milioni moja. Waigizaji walijituma kweli, wengine walizunguka kuitangaza kwa hela yao, posta zilitengenezwa. Haikutoka. Mpaka leo haijawahi kutoka rasmi, nakala zake ni za wizi tu, mkanda unanakiliwa kutoka mkanda, picha imefifia mpaka yule jamaa wa mawe anaonekana kama gunia. Stan Lee wa Marvel baadaye alidai haikuwahi kupangwa itoke, wengine wanakataa, ila matokeo hayabishaniwi: muvi ilitengenezwa, haki zikabaki kwa Eichinger, na muvi za Fantastic Four zilizokuja 2005 na 2007 zilitokana na hiyo hatua. Sasa wewe kama mtunzi jiulize, kuna watu waliamka asubuhi wakapakwa vipodozi wakalia mbele ya kamera kwa ajili ya kutimiza kifungu cha mkataba.

Upande wa Marvel wenyewe, mwaka 2005 walifanya kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria jasho linanitoka. Walichoka kuona wengine wanapiga hela na wahusika wao, ile muvi ya kwanza ya Blade ya 1998 iliyofanya vizuri sana inasemekana Marvel iliambulia dola 25,000 tu, kwahiyo wakaenda benki ya Merrill Lynch wakakopa dola milioni 525 watengeneze muvi wenyewe. Dhamana ya mkopo ilikuwa wahusika. Haki za muvi za wahusika kumi, zimewekwa rehani kama mtu anavyoweka hati ya kiwanja. Muvi zikibuma, benki inaondoka na Captain America. Iron Man ikatoka 2008, ikaingiza zaidi ya dola milioni 580, mwaka uliofuata Disney wakatangaza kuinunua Marvel nzima kwa dola bilioni 4, na 2019 Disney haohao wakainunua sehemu kubwa ya Fox kwa dola bilioni 71, X-Men na Fantastic Four wakiwa ndani ya kapu.

Kati ya hapo ndo utaelewa yale maajabu. Quicksilver, yule anayekimbia kasi, alikuwa na uhusiano na pande zote mbili, X-Men wa Fox na Avengers wa Disney, kwahiyo alitokea kwenye muvi ya X-Men mwaka 2014 na mwigizaji mmoja, halafu akatokea kwenye ya Avengers mwaka 2015 na mwigizaji mwingine, na upande wa Disney hawakuruhusiwa kumtaja baba yake wala kusema yeye ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu kama wale wa X-Men. Huko vijiweni watu walitunga nadharia ndefu za ulimwengu sambamba. Hakuna cha ulimwengu sambamba, ni mawakili. Hulk yeye haki ya kusambaza muvi yake ya peke yake ilibaki Universal, ndo maana baada ya 2008 umemuona tu kama mgeni kwenye muvi za wenzake, anakuja anavunja ukuta anaondoka. Spider-Man mwaka 2015 Sony na Marvel wakakubaliana kumtumia pamoja, Agosti 2019 dili likavunjika, mwezi mmoja baadae likarudi, na siku zile nakumbuka vijana walikuwa na huzuni kama timu imeshuka daraja.

Sasa hapa ndo kwenye ugomvi wangu na hizi muvi, na ugomvi wenyewe sio ule wa mwongozaji Martin Scorsese aliyesema mwaka 2019 kwamba sio sinema ni kama bustani za michezo. Mzee yule ana haki yake, lakini mimi naandika riwaya za kijasusi na za kutisha, siwezi kudharau bembea. Ugomvi wangu ni kuhusu kifo. Mtunzi wa hadithi za kusisimua anaishi kwa kitu kimoja: msomaji aamini kwamba huyu anaweza kufa kweli. Mhusika akiwa ni dhamana ya mkopo hawezi kufa, hata akifa mbele yako na muziki wa huzuni, akili yako inajua mkataba wake bado unaishi. Ndo maana muvi nyingi zinaishia na kipande baada ya majina, kinachokuambia usiende nyumbani, kuna nyingine. Mimi nikiwaachia wasomaji wangu wa WhatsApp "itaendelea" kwenye sehemu ya 40 najua sehemu ya 60 lazima nimzike mtu, la sivyo wananihama.

Na kuna mara moja mambo yalienda kinyume. Black Panther ya 2018, ile wanaongea Kixhosa na dunia nzima ikaisoma chini kwa maandishi, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Mwigizaji wake mkuu, Chadwick Boseman, akafariki Agosti 2020. Kimkataba hakuna kilichozuia kuweka mtu mwingine, sura ni ya Disney, vazi lipo. Wakaamua hapana, muvi iliyofuata ya 2022 ikaanza na msiba wake. Unaweza kusema ni biashara pia, sawa, lakini ndo muvi pekee ya hao jamaa ambayo mimi niliona kifo kinachouma, kwa sababu kilikuwa kweli.

Niongeze kitu cha hapa kwetu kidogo, maana tumezoea kuona haya mambo ni ya huko mbali. Kwenye vibanda vya video tulivyokulia, muvi ilikuwa ya Hollywood au ya Hong Kong lakini stori ilikuwa ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi. Yeye ndo aliyetuambia nani ni nani, anawapa watu majina, anatupia utani wa mtaani, na kuna muvi nikiziona leo bila sauti yake naona kuna kitu kimetolewa. Kisheria hana kitu pale, hata senti. Kiutunzi alikuwa na nusu. Na hilo suala la sura ya nani, Wamasai wanalijua kuliko mwanasheria yeyote, jina lao limebandikwa kwenye magari na Louis Vuitton waliingiza nguo za mtindo wa shuka kwenye maonyesho yao ya mwaka 2012, na wazee wameanzisha harakati kabisa za kudai jamii ilipwe jina na alama zake zinapotumika. Hapa mjini shuka hilohilo unalipata sokoni, ukipata na mtu wa kupiga naye picha.

Haya, roki.

Unaweza kuuliza roki inaingiaje humu. Inaingia kwa mlango wa damu, na hapa sitanii. Mwaka 1977 Marvel ilichapa komiki ya bendi ya KISS, wale jamaa wanne waliojipaka nyuso nyeupe na nyeusi, mmoja pepo, mmoja nyota, mmoja mtu wa anga za juu, mmoja paka. Ili watu waongee, jamaa wakatolewa damu, ikapelekwa kiwandani jimbo la New York wakaimimina wenyewe kwenye wino mwekundu mbele ya wapiga picha, na mtu wa kuthibitisha viapo akasaini kwamba ni damu yao kweli. Kitendo cha kitoto, na mimi nakipenda sana. Ila uone walichoelewa hao watu mapema kuliko bendi zingine zote: walielewa kwamba wao ni komiki.

Kwa sababu angalia kilichofuata. Ace Frehley, mpiga gitaa, ndiye aliyebuni ile sura ya mtu wa anga. Alipoondoka moja kwa moja mwaka 2002, sura ilibaki. Yeye na mpiga ngoma Peter Criss walikuwa wameachia haki za zile rangi za usoni kwa bendi, kwahiyo akaja Tommy Thayer akapakwa rangi zilezile za Frehley, akapanda jukwaani, akapiga zile zile, na Eric Singer akawa paka. Zaidi ya miaka ishirini. Mashabiki wengine walitukana, wengine walisema mbona Batman anabadilishwa kila siku. Na wako sahihi wote wawili, ndo utata wenyewe. Desemba 2023 wakapiga shoo ya mwisho Madison Square Garden, wakainama, wakatoka, na kwenye skrini wakatokea wao wenyewe kama michoro ya kompyuta, wanapaa, wanatema moto. Mwaka 2024 wakauza nyimbo, jina, na zile sura kwa Pophouse ya Uswidi, kampuni ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Björn Ulvaeus wa bendi ya ABBA, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa zaidi ya dola milioni 300. ABBA wao shoo yao ya michoro iko London tangu 2022, watu wanalipa kiingilio wanacheza, na wenyewe wako nyumbani.

Mwimbaji David Bowie alikuwa mjanja kwa njia nyingine. Huyu naye alikuwa mtu wa sura, anavaa mhusika anamtembeza mwaka mmoja miwili, halafu anamuua. Anamuua kweli, jukwaani, 1973 alitangaza mwishoni mwa shoo London kwamba hii ni ya mwisho na yule Ziggy, mhusika wake wa wakati huo, hakurudi tena. Ona tofauti na Marvel. Ilikuwa sura yake akaamua iishe. Halafu 1997 akafanya kama walichokuja kufanya Marvel miaka minane baadae: akakopa dola milioni 55 kwa kuweka dhamana mapato ya albamu zake 25, riba asilimia 7.9, miaka kumi, na sehemu ya hela hiyo akaitumia kununua haki za nyimbo zake kutoka kwa meneja wake wa zamani. Yaani mtu anakopa ili anunue nyimbo alizoimba mwenyewe. Mwaka 2002 akawaambia New York Times kwamba muziki utakuja kuwa kama maji ya bomba au umeme, na wanamuziki wajiandae kutembea na kupiga shoo maana ndo kitu pekee kitakachobaki. Alikuwa anaongea kabla simu zetu hazijajua kucheza video.

Na ndo maana tiketi za shoo kule zinauzwa bei ya ng'ombe. Wimbo haulipi, mwili unalipa. Kwenye shoo ya laivu kuna kitu ambacho mkataba unahangaika kukishika: jamaa anaweza kukosea, sauti inaweza kukatika, waya unaweza kuchomoka. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar kwa wasiojua, alipewa dakika kama 21 pale Wembley Julai 1985 na bendi yake ya Queen, wakazikata nyimbo zikawa fupi, zikaingia nyingi, na ukiangalia utaona anacheza na sauti za watu bila ala yoyote, anaimba wanajibu. Hicho kipande hakikuwa kwenye karatasi ya mtu. Ndo ninachokitafuta mimi kwenye roki na sikipati kwenye muvi ya milioni 200, na sikipati pia kwenye shoo zetu nyingi ambazo msanii anaimba juu ya CD huku analipiwa na kampuni ya simu. X Plastaz, kundi la hip hop la hapahapa Chuga, walipokuwa wanazunguka Ulaya miaka ile ya 2000, Merege alipanda na shuka lake akaimba Kimaasai, na hakuwa amevaa mhusika, huwezi kumpaka mtu mwingine ukasema ni yeye.

Lakini nakubali, tangu KISS waondoke na kuacha michoro ikicheza, ile hoja yangu kwamba shoo ni kitu kisichoweza kutenganishwa na mwili imetoboka. Sina jibu zuri. Naona tu kwamba roki imeanza kufuata njia ya Superman, na waliosaini vizuri watalala pazuri.

Kwa wale wanaoniuliza inbox kuhusu hadithi zao, kuna mtu kawaambia atatengeneza filamu au tamthilia, mnasaini nini: soma kama karatasi inanunua hadithi moja au inanunua mhusika, soma kama kuna tarehe ya kurudi iwapo hawatatengeneza chochote, na kama haipo idai. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Aristablus Elvis Musiba, mtunzi wa riwaya za jasusi Willy Gamba, alifariki 2010, kwahiyo Willy Gamba analindwa mpaka mwisho wa 2060, na yule ndo supahiro wetu wa kwanza ukiniuliza mimi, hana joho tu.

Superman yeye, kwa sheria ya Marekani, yale matoleo ya 1938 yatakuwa huru Januari 2034. Huku kwetu ukihesabu kwa kifo cha mtunzi aliyefariki mwisho, Siegel, 1996, inasogea mpaka 2047, na hata hapo jina na ile herufi ya kifuani vina ulinzi wa alama ya biashara ambao ni kesi nyingine kabisa. Halafu anayekuwa huru ni yule wa matoleo hayo ya 1938 tu, na yule hapai. Anaruka juu anatua, kama robo ya maili hivi haifiki. Kupaa kulikuja baadae, na kupaa bado ni mali ya kampuni.